Dobi na Fimbo Iliyopinda Siku Tatu Kabla ya Mechi

Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono. Jua ndiyo kwanza linachungulia, na dobi ameshamaliza rundo la mashati ya watu wa ofisini. Yananing'inia kwenye bomba refu linalopita karibu na dari, kola zote zikitazama upande mmoja. Chumba chake kinatosha meza ya kupigia pasi, kabati la nguo safi na mtu mmoja mwembamba. Mlango uko wazi, dirisha liko wazi, na bado mvuke umejaa kule juu hadi ukuta unatoka jasho.

Ukiuangalia mkono wake wa kulia kwa muda, utaona kwamba haunyooki. Pasi ikikaribia mwisho wa meza, dobi haisukumi kwa mkono kama wenzake. Anasogeza mguu, anainamisha bega, na mwili mzima unakwenda pale ambapo kiwiko kimekataa kwenda.

“Nimeshazoea,” anasema, macho yakiwa kwenye shati. “Nguo haijui kama mkono ni mbovu. Meza ile nyingine ndiyo inayojua.”

Meza ile nyingine ni ya pool. Iko kwenye ukumbi wa mtaa wa pili, kati ya duka la vipuri na stoo ya magodoro, na kwa miaka mingi dobi huyu alikuwa tegemeo la timu ya ukumbi huo. Wenzake wanamwita Makunyanzi, kwa kuwa ndicho kitu anachokichukia kuliko vyote duniani. Akikaa karibu na mtu mwenye shati lililojikunja, chakula hakimshuki. Kinyozi wa timu, ambaye kazi yake ya pili ni kumchokoza, huja mazoezini makusudi na shati alilolalia.

Wiki hii ina jambo. Jumamosi mchana timu inawapokea wachezaji wa stendi, ambao wamewapiga mara mbili mfululizo. Na Makunyanzi, ambaye hajacheza mechi hata moja tangu avunjike kiwiko mwaka jana, anaitaka nafasi yake. Hataki kupewa kiti cha kushangilia wala shati la timu la kuvalia picha. Anataka kusimama mezani na kucheza.

“Wakiniambia kuna anayenizidi, sawa,” anasema. “Wakiniambia nimezeeka, nitanuna, lakini sawa. Ila nisihurumiwe. Wakinihurumia, nitaacha hata kupita barabara ile.”

Juu ya meza, katikati ya suruali za wateja, inaning'inia fimbo mpya ya pool, imefungwa kamba shingoni utadhani nayo inasubiri mwenyewe aje kuichukua. Kila anapogeuka kufuata shati jingine, dobi anaitupia jicho.

Alivunjika kwa sababu ya wema wake mwenyewe. Mteja mmoja, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alileta mapazia yafuliwe. Dobi alipoyarudisha, akaona si vizuri kumwachia mama wa watu kazi ya kuyatundika, akapanda ngazi. Ngazi ikateleza, yeye akatangulia chini, pazia likafuata na kumfunika kichwa hadi miguu, na yule mama akapiga yowe akidhani ana maiti sebuleni.

Plasta ilikaa mkononi kwa miezi. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini kiwiko hakikunyooka tena, na daktari alimwambia wazi kwamba hakitanyooka.

Muda wote huo mke wake ndiye aliyesimama kwenye meza ya pasi. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kufua tu, pasi ilikuwa kazi ya mumewe. Mashati arobaini kwa siku yakawa ishirini, kwa kuwa wapo wateja ambao hawakuupenda mkono mpya na wapo waliodhani duka limefungwa. Hata hivyo watoto wao wawili walikula, wakavaa, wakaenda shule. Mkononi, chini kidogo ya kiwiko, mke ana alama ndefu ya kuungua aliyoipata wiki ya kwanza.

“Sikumwonyesha,” anasema akicheka. “Nilivaa mikono mirefu kwenye joto lile, akawa ananiuliza kama nina homa. Angejua, angeing'oa plasta kwa meno.”

Ndiyo maana neno lake kuhusu pool lina uzito nyumbani. Hapingi. Alisema mara moja tu, na hajarudia: “Mkono huo ni wa watoto kwanza. Ukibakiza nguvu, kacheze.”

Aliyemrudisha Makunyanzi mezani ni mwanamke ambaye ukumbi mzima unamwita Shangazi, hata wazee wanaomzidi umri. Kazi yake ni kukereza mbao: miguu ya vitanda, vipini vya majembe, nguzo za kushikia kwenye ngazi. Fimbo za pool zilimjia kwa bahati. Mtu alimletea iliyovunjika, akamwomba airudishe ilivyokuwa. Shangazi akaigeuza geuza, akamwambia ilivyokuwa ndiyo sababu ya kuvunjika, akamtengenezea nyingine.

Yeye mwenyewe hachezi. Anasema mchezo unamchosha kuutazama, watu wazima wanaizunguka meza kama waliopoteza funguo.

Anachokijua ni mikono ya watu. Hampimi mteja kwa urefu wala hamwambii ashike fimbo. Anamfuata kazini kwake. Kinyozi alitakiwa amnyoe mtu mbele yake, na aliyenyolewa anadai hadi leo kwamba alipitiwa na wembe mara mbili kwa sababu Kinyozi alikuwa anaona haya kutazamwa.

“Mtu akishika fimbo ya pool anajifanya bingwa,” Shangazi anaeleza. “Bega linapanda, kidevu kinatoka. Akishika chombo chake cha kila siku, hapo ndipo namwona.”

Kwa dobi alikuja asubuhi moja na kamba mfukoni, akageuza ndoo, akaikalia. “Piga pasi kama sipo,” alisema. Alitazama mkono unaishia wapi na bega linaanzia wapi, akapima kwa kamba, akapiga fundo, akaondoka bila kuaga.

Fimbo aliyoileta baadaye ilikuwa fupi kuliko za kawaida kwa karibu shibiri nzima. Mbele ni mbao nyeupe, nyuma ni nyeusi na nzito. Uzito huo wa nyuma ndio unaofanya kazi ambayo kiwiko hakiwezi. Mkono ukiisukuma kidogo tu, fimbo inaendelea mbele yenyewe.

“Wewe ianzishe,” alimwambia. “Itamalizia.”

Akampa na masharti. Asiiweke juani. Asiiache ndani ya gari. Asiiegemeze ukutani, maana mbao ikiegemea muda mrefu inainama. Dobi aliyashika yote kama dawa ya hospitali. Gari hana. Jua hakulionyesha. Na ili isiegemee popote, aliitundika wima kwa kamba kwenye bomba la nguo, mahali pekee ambapo mikono ya watoto haifiki, na hapo ikakaa wiki baada ya wiki ikisubiri mechi.

Jumatano jioni, kila mtu alipofunga kazi yake, wachezaji walikutana ukumbini kuipanga mechi. Alikuwapo nahodha, mwenye duka la vifaa vya umeme, anayeongea kama anayekuuzia kitu hata akikusalimia. Alikuwapo Kinyozi. Alikuwapo fundi saa, mtu mzima asiyefungua mdomo mpaka aulizwe, na Dereva, anayeendesha lori la maji. Na alikuwapo fundi simu, aliyeshika nafasi ya Makunyanzi mwaka mzima. Ukimhesabu Makunyanzi walikuwa sita, na timu inataka watano.

“Stendi wana Mashoto,” alianza nahodha. “Tusidanganyane. Yule anapigia upande ule tunaoweka soda.”

“Tuhamishe soda,” alisema Kinyozi.

“Nasema kweli, bwana.”

“Na mimi nasema kweli. Tuhamishe soda, ajikwae.”

“Ana fimbo mpya,” aliingilia Dereva. “Nimeiona kwa macho yangu. Imechorwa maua.”

“Maua yanaingiza mpira?”

“Hayaingizi. Lakini nilikuwa nayaangalia, nikasahau zamu ilikuwa yangu.”

Basi mazungumzo yakahamia kwenye fimbo, kama kawaida yao. Hawa watu wakianza kusimulia fimbo zao, ungedhani wanasimulia wachumba. Ya Kinyozi imezungushiwa kipande cha mkanda wa ngozi aliokuwa akinolea wembe, na anaapa unanyonya jasho. Dereva anapenda nzito, kwa hiyo Shangazi alimtilia madini ya risasi nyuma, na ikimponyoka, duka la vipuri linajua. Fundi saa ameipaka yake vanishi mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayekumbuka rangi ya mbao yenyewe. Fundi simu peke yake ndiye anayetumia ya ukumbini, ile ya kila mtu, na akiulizwa hujibu kwamba zamu yake kwa Shangazi haijafika.

“Na wewe, Makunyanzi,” alisema Kinyozi. “Hiyo fupi uliyokuja nayo ni fimbo au ni mwiko?”

“Lete mipira uone mwiko unavyopakua.”

Walicheka wote, na kwa dakika ile dobi alijiona amerudi nyumbani.

Ukumbi huo una desturi yake. Fimbo mpya haiingii kwenye mechi mpaka iviringishwe mezani mbele ya wote. Nahodha aliondoa mipira, akapangusa kitambaa kwa kiganja. Makunyanzi akailaza fimbo yake, akaisukuma.

Fimbo iliyonyooka huviringika kimya. Hii ilikwenda ikiinuka na kuanguka, ikigonga kitambaa taratibu, tu, tu, tu, mpaka ikasimama katikati ya meza.

“Irudie,” alisema nahodha.

Ilirudiwa, ikagonga vilevile.

“Ulikuwa unaiweka wapi?” aliuliza fundi saa.

“Kazini. Niliitundika vizuri kabisa, haikuguswa na kitu.”

“Kazini sehemu gani?”

“Juu, kwenye bomba la...” Wote wakamwona dobi akielewa. Mtu ambaye tangu ujana wake anapinda na kunyoosha vitu kwa mvuke alikuwa ameitundika fimbo yake ndani ya mvuke.

“Nilitamani sakafu ifunguke,” anakumbuka. “Na si kwa ajili ya fimbo. Nilimtazama nahodha usoni, nikaona huruma inaanza kuja.”

Ilikuja kweli. Nahodha, ambaye kwa kawaida hufoka mtu akichelewa kupaka chaki, aliongea kwa upole mkubwa. “Pumzika mechi hii, ndugu yangu,” alisema. “Zipo nyingine.”

Makunyanzi aliomba asiondolewe bado. Alisema Ijumaa wacheze, yeye na fundi simu, michezo mitatu, na atakayeshinda miwili achukue nafasi. Nahodha alianza kutikisa kichwa, lakini fundi simu alikuwa ameshasema ndiyo.

Karakana ya Shangazi imejaa maranda, unatembea kama uko ndani ya pamba. Alhamisi asubuhi aliipokea ile fimbo, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa jicho moja. Kisha akamtazama mwenye fimbo kwa macho yote mawili.

“Umeichemsha?”

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Umeichemsha?”

Dobi alieleza, na kila alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua.

“Nilikutajia jua, nikakutajia gari, nikakutajia ukuta,” alisema Shangazi. “Sufuria sikuitaja kwa sababu nilijua naongea na mtu mzima.”

Makunyanzi alikuwa amelala akiwaza, na alikuja na wazo. Kama mvuke ndio ulioipinda, si mvuke huohuo uinyooshe? Pasi anayo, na ufundi anao. Shangazi alilikataa wazo hilo kabla halijamaliza kutoka mdomoni.

“Shati unalinyoosha livaliwe leo, jioni limerudi kwako,” alisema. “Hii nikiikaza kwa moto itanyooka sasa hivi. Keshokutwa uko mbele ya Mashoto, itaanza kurudi ilikokuwa, na hutajua imefika wapi. Iache hivyo. Imeshapinda, imetulia.”

Halafu akafanya kitu ambacho dobi hakukitarajia. Aliiviringisha polepole kwenye benchi mpaka mgongo wa upindo ukatazama juu, akaweka alama ya penseli. Akamwonyesha kwamba fimbo ikishikwa hivyo, inakwenda mbele na kurudi katika mstari mmoja, na mpira hauwezi kujua kwamba imepinda. Lakini ikizunguka mkononi hata kidogo, ncha inahamia pembeni na mpira unakwenda kwa jirani.

“Kwa hiyo ishike hivi na usiizungushe. Basi.”

“Nitajuaje kama imezunguka? Nikishainama naangalia mpira, siangalii mkono.”

“Hilo ni lako. Mimi nakereza.”

Kisha dobi akapeleka mkono kwenye ukosi wa shati lake, akachomoa sindano ambayo haikosekani hapo.

Madobi wa aina yake hawaandiki majina ya wateja. Kila mteja ana alama yake ya uzi, rangi yake na idadi yake ya mafundo, iliyoshonwa ndani ya kola au kiunoni ambako haionekani. Makunyanzi anaweza kufumba macho, akapapasa suruali, akakwambia ni ya nani na kama mwenyewe amenenepa. Zaidi ya miaka ishirini vidole vyake vimekuwa vikisoma mafundo.

Alichukua uzi mwekundu, akauzungusha kwenye mpini mizunguko mingi iliyobanana. Usawa wa ile alama ya penseli, mahali ambapo kidole gumba na cha shahada hukutana, akaacha fundo moja dogo. Shangazi alilipapasa, akalipapasa tena.

“Hii ni alama ya mteja gani?”

“Yangu. Hakuna mteja mwenye fundo moja jekundu.”

Shangazi hakumsifu, si tabia yake. Alimwambia tu aondoke, ana miguu ya kitanda inamsubiri, na alipofika mlangoni akamwita kumkumbusha asiipitishe fimbo karibu na jiko.

Ijumaa alasiri watu walijaa ukumbini kuliko siku za kawaida, kwa kuwa Kinyozi alikuwa ametangaza habari kwa kila kichwa alichonyoa tangu asubuhi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu. Mchezaji wa siku nyingi akipaka chaki, vidole vyenyewe huizungusha fimbo, hata hafikiri. Makunyanzi alipaka chaki, akainama, akapiga. Mpira mweupe ukaupita mbali ule aliokuwa anaulenga, ukatumbukia shimoni peke yake. Baada ya zamu mbili akalirudia kosa lilelile. Fundi simu alimaliza bila haraka, na kuna mtu nyuma alisema kwa sauti kwamba dobi arudi kwenye mashati.

Mchezo wa pili alibadilika. Kabla ya kila pigo alisimama, akafumba macho kidogo, akalitafuta fundo kwa kidole, namna anavyotafuta nguo ya mtu kwenye rundo. Akilipata ndipo anainama. Ulikuwa mchezo wa polepole mno, Dereva alipiga miayo mpaka akaambukiza benchi zima. Lakini mipira iliingia, mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa wakicheka wakaacha.

Wa tatu ulifika mahali ambapo kila mmoja alikuwa amebakiza mpira mweusi. Zamu ilikuwa ya fundi simu, na mpira ulikuwa karibu na shimo la kati, kitu ambacho angekiingiza akiwa anaongea na simu. Alipiga. Mpira ukagonga mdomo wa shimo, ukatoka, ukaenda kusimama kwenye kona ya mbali.

Makunyanzi alikuwa na meza nzima mbele yake, pigo refu, lile ambalo kiwiko chake hakiwezi kulimaliza. Alilitafuta fundo. Akaianzisha fimbo na kuiacha ijiendee. Mweupe ukakimbia, ukaugonga mweusi, na mweusi ukazama.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Yeye hakuinua hata mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi simu, uso umemkauka.

“Umeniachia?”

“Nini?”

“Ule mweusi wa kati. Umeniachia?”

Fundi simu alikasirika, na ilikuwa hasira ya kweli. “Nikuachie, halafu nyumbani nikaseme nini? Mke wangu ameshaalika ndugu zake waje kuniangalia kesho! Hebu tazama hapa.” Akanyoosha mkono. Kipande cha chaki kilikuwa kimepondekea kiganjani. “Mwaka mzima nimekalia kiti cha mtu, nikijua iko siku ataingia pale mlangoni. Umeingia.”

Makunyanzi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo kwa muda. Anasema hajui kama alikuwa anashukuru au anaomba radhi.

Kisha nahodha akapanda juu ya kreti la soda kutangaza mpangilio. Mechi zao huchezwa na watu watano kila upande, mmoja kwa mmoja, kwa zamu. Timu inayotangulia kushinda mara tatu imemaliza kazi, na waliobaki hawachezi. Alimtaja Kinyozi wa kwanza, fundi saa wa pili, Dereva wa tatu, yeye mwenyewe wa nne.

“Makunyanzi, wa tano.”

Watu walipiga makofi, halafu makofi yakapungua, kila mtu akifanya hesabu kimyakimya. Wa tano anacheza pale tu mambo yakiwa mbili kwa mbili. Katika mechi zote mbili zilizopita na stendi, wa tano hakufungua hata mfuko wa fimbo.

Nahodha alipoulizwa pembeni kama hiyo ni nafasi ya kuaminiwa au ya kuhurumiwa, hakukwepa. “Kile kiwiko sijui kitafanya nini, huo ndio ukweli,” alisema. “Lakini ikifika mbili kwa mbili, hakuna mtu mwingine ninayemtaka pale. Na huo nao ni ukweli.”

Jumamosi asubuhi mvuke umejaa tena chumbani. Juu ya meza kuna mashati matano ya timu, ya bluu, na dobi anayapitia moja moja kwa uangalifu ambao watu wa ofisini hawajawahi kuupata. Mke wake amesimama mlangoni akikunja mashuka. Leo atafunga duka mapema na, kwa mara ya kwanza tangu waoane, ataingia kwenye ule ukumbi.

“Unacheza saa ngapi?” anauliza.

“Mimi ni wa tano.”

“Hiyo ni saa ngapi?”

“Inategemea.”

Anamweleza hesabu ya mbili kwa mbili. Jana hakuthubutu. Mke anaacha shuka likiwa nusu limekunjwa.

“Kwa hiyo nifunge duka, nivae nguo ya kutokea, nikakae kwenye jasho la wanaume wenu, na usicheze?”

“Inawezekana.”

“Wale watatu wa mwanzo wakishinda wote, je?”

“Basi tumeshinda,” anasema dobi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mvua itanyesha siku aliyoanika mablanketi.

Mke anamtazama. “Sema kweli, baba watoto.”

Dobi anaipitisha pasi kwenye shati la Kinyozi, kisha anaipitisha tena, ingawa halina hata kunyanzi moja. Anajua aibu ya anachotaka kusema. Ni watu waliomtembelea hospitali, mmoja alimnyoa bure miezi yote ya plasta, mwingine alimletea maji kwa lori. Na mchana wa leo, upande wao wote wa ukumbi, atakuwa peke yake anayewaombea wapigwe.

“Wawili kati ya hawa,” anasema, akiyaonyesha mashati kwa kidevu. “Wapigwe.”

Mke anacheka mpaka anashika mlango. “Nani na nani?”

“Sichagui mimi. Yeyote.” Anafikiri kidogo. “Asiwe Dereva tu, atanuna mwezi mzima.”

“Na wakipigwa watatu?”

Pasi inasimama hewani. Dobi anamgeukia mke wake haraka, na usoni hakuna utani tena.

“Hapana,” anasema. “Wawili tu, mke wangu. Wa tatu asithubutu.”